Kanga za Mama, Vikoi vya Baba

Mheshimiwa mgeni rasmi uliyemwakilisha Mkuu wa Wilaya. Daktari Abdulmajid, kiongozi wa utafiti wa kupandikiza uloto, pamoja na madaktari wenzako mliotoka mbali. Mchungaji wetu na Sheikh wetu mliokaa meza moja, jambo linalonifurahisha mimi kuliko wengi humu. Wazee wa ukoo wetu mlioteremka kutoka Chome, shikamooni. Wagonjwa mliopona na mnaoendelea kupona. Familia ambazo mgonjwa wenu hakurudi nyumbani na bado leo mmekuja, poleni tena. Watoaji wenzangu, popote mlipokaa, maana sisi hatukupangiwa safu. Sista Careen, muuguzi wa utafiti unayestaafu, leo ni siku yako. Na wewe mama yangu, Rogathe, uliyeketi pale karibu na mlango kana kwamba umeingia kuuliza njia. Nawasalimu nyote. Bwana asifiwe. Assalamu alaikum.

Mshereheshaji amenifuata kitini akaninong'oneza, "Dada Esta, una dakika chache tu, na tafadhali liwe jambo la furaha." Nimemjibu kwamba dakika nitazichunga. Hilo la pili sikumwahidi.

Kwa wasionijua, mimi nina duka la kanga na vikoi pale Makanya, kando ya barabara kuu. Sikulirithi. Nilianza na robota moja kichwani, nikitembeza siku za gulio, na walionicheka wakati ule leo ni wateja wangu, na nawahudumia bila kinyongo. Karibu bila kinyongo. Nimezaliwa Chome kwa wazazi wa Kilutheri, nikaolewa na Isihaka, Mwislamu wa Makanya, na tangu siku ile ukoo wangu uliacha kunihesabu. Naomba mlishike hilo, kwa sababu ndipo lilipoanzia jambo ninalotaka kulisema.

Kaka yangu mkubwa, Zephania, ndiye yule wa safu ya pili mwenye kofia. Kaka, vua kofia wakuone. Nywele zimerudi, ingawa zimerudi za mtu mwingine. Zamani hakuwa na mawimbi hayo. Ni mwalimu wa sekondari. Miaka minne iliyopita alianza kutoka damu kwenye fizi, akawa anapumzika mara mbili kabla ya kufika darasani. Tukasema ni malaria. Tukasema ni taifodi. Wengine wakasema amerogwa, na waliosema hivyo wamo humu, ila sitawataja kwa sababu baadaye walimletea mayai. Hospitali kubwa ikasema ni saratani ya damu. Akapewa dawa kali, saratani ikajificha, na madaktari hawakutudanganya: ikiachwa hivyo, itarudi. Ndipo tukaambiwa kuna utafiti.

Daktari Abdulmajid ametueleza utafiti huo kwa picha nyingi ukutani. Mimi nitaueleza kama Sista Careen alivyotueleza, kwa sababu ndivyo nilivyoelewa. Ndani ya mifupa kuna uloto, na ndani ya uloto kuna mbegu zinazootesha damu. Za mgonjwa zimeharibika. Unazifyeka zote kwa dawa, shamba linabaki jeupe, halafu unapanda za mtu mwingine na kusubiri zishike. Mkulima wa tangawizi ameshanielewa. Tofauti ni kwamba mbegu hizi zina macho. Zikipandwa kwa mtu asiyelingana na aliyezitoa, zinamwona mgeni na kumshambulia. Kwa hiyo kwanza hutafutwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na hata huyo lazima apimwe. Swali la utafiti lilikuwa hili: je, matibabu haya yanawezekana kwa watu wa milima hii na bonde hili, na uangalizi wa baadaye ufanyike hapahapa Same, mgonjwa asilazimike kuhamia mjini miaka nenda rudi?

Jibu mmelisikia. Familia ishirini na sita zilipimwa. Kumi na nne zilipata ndugu anayelingana. Wagonjwa hao kumi na nne wakapandikizwa, na tisa wako hai. Daktari alipotaja tisa, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi sikupiga, naomba radhi, nilikuwa natoa. Kumi na nne ukitoa tisa ni watano, na hao watano nawajua, tulikaa nao benchi moja. Mmoja alikuwa binti anaitwa Asteria, alinifundisha kufuma vitambaa tukisubiri majibu, na kitambaa tulichoanza bado kimening'inia dukani kwangu kikiwa nusu, sikiuzi. Mama yake yuko humu. Mama Asteria, nakuona.

Tena, ishirini na sita ukitoa kumi na nne ni kumi na mbili, yaani familia kumi na mbili zilizonyoosha mikono zikatolewa damu, zikaambiwa hakuna anayelingana, zikarudi nyumbani na mgonjwa wao. Je, hao walishindwa utafiti? Wangekataa kupimwa, nani leo angejua kwamba kati ya familia zetu ni ngapi hupata na ngapi hukosa? Utafiti huu haukujengwa na tisa. Umejengwa na ishirini na sita, na nawaomba makofi mengine, haya yawe ya wote.

Asanteni. Sasa nakuja kwa watoaji, na hapa Daktari Abdulmajid anivumilie. Katika picha zako zote, waliopokea nimewaona kwa rangi, kwa umri, kwa wilaya. Waliotoa nimewaona mara moja, ndani ya mabano. Hivi uloto ule uliokotwa barabarani? Nilidungwa sindano za kuzisukuma mbegu zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu, na mifupa ikaniuma kama ya mpakia jasi wa Makanya mwisho wa zamu. Nililala mkono huu ukitoa damu, mashine ikichuja, mkono huu ukirudishiwa. Nilipona haraka, sina la kulia. Lakini aliyekuwa akinipigia simu baadaye kuniuliza, "Esta, unaendeleaje wewe?" alikuwa mtu mmoja tu, na leo ndiye tunayemuaga. Swali langu, Daktari, ni rahisi: kuanzia Jumatatu, nani atapiga?

Lakini si hilo lililonisimamisha hapa. Ngoja niwarudishe Chome.

Habari ilipofika kwamba Zephania anahitaji ndugu wa kumpa uloto, wazee wa ukoo walikaa. Kwetu jambo kubwa haliachwi mikononi mwa mtu mmoja. Barabara ikikatika tunaitana msaragambo, kila nyumba inatoa mtu wake na jembe lake, na kabla ya jua kuwa kali njia imeshapitika. Wazee waliliona jambo la Zephania kwa macho hayo hayo: ukoo utoe mtu wake. Baba yetu ni marehemu, kwa hiyo aliyeongoza kikao ni baba mdogo, Mzee Elinaza, yule pale mbele. Baba mdogo, shikamoo tena. Kikao kikauliza marehemu ameacha watoto wangapi. Kikajijibu: watatu. Zephania mgonjwa, Sifael anayemfuata, na Lukasi. Mimi sikutajwa. Nilishaolewa, tena bondeni, tena msikitini.

Kisha wakamchagua Sifael. Kwa nini Sifael? Kwa sababu anafanana na Zephania, na wote wawili wamefanana na marehemu, hadi kukohoa kwao. Mtu akikohoa nje ya nyumba yetu unaweza kudhani baba amefufuka. Basi akachinjwa mbuzi. Sifael akapelekwa kanisani akaombewa, akavishwa shuka jipya, akaitwa mkombozi wa kaka yake. Haya yote yalifanyika kabla hajapimwa. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye, "Mdogo wangu, mimi nilipewa zawadi ya ushindi kabla ya mtihani."

Sista Careen alikuwa amewaonya. Alisema, "Wazee, subirini kipimo, ndugu wengi huwa hawalingani." Akajibiwa, "Sista, wale ni watoto wa tumbo moja, walinyonya ziwa moja." Nani angebishana na mbuzi aliyeshachinjwa?

Siku ya majibu ilikuja. Daktari mmoja kijana wa ile hospitali kubwa alipiga simu, na simu ikawekwa spika juu ya meza, sebuleni kwetu, wazee wamejaa hadi barazani. Yule kijana hakuwa na nia mbaya. Hakujua yuko kwenye spika, na aliyempokelea simu hakumwambia. Akasema, "Lukasi analingana nusu. Sifael hakuna, ni sifuri." Akauliza kama kuna swali. Hakuna aliyeuliza. Akaaga.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mimi sikuwepo; haya nimesimuliwa na mama. Kisha mzee mmoja, simtaji, akauliza polepole, "Sifuri ni ya baba yupi?"

Hapo ndipo Sifael alipotoka sebuleni. Na hapo ndipo watu walipoanza kumtazama mama yangu, mjane, mzee wa kanisa, mwanamke aliyelima shamba la mume wake kwa mikono yake hadi wanawe wakasoma, kana kwamba amekutwa na kitu cha wizi.

Sista Careen alipanda Chome wiki hiyo hiyo. Mnaijua barabara ile mvua ikinyesha; gari liliishia njiani, akamalizia kwa miguu, na wakati ule magoti yake yalishaanza kumsumbua. Hakuanzia kwa wazee. Alikwenda jikoni alikokuwa mama, akaketi kwenye kigoda, akamenya naye maharage, kisha akamwuliza swali ambalo kikao kizima hakikumwuliza: "Mama Zephania, wewe umezaa wangapi?"

Mama akasema, "Wanne."

"Mbona nimeandikiwa watatu?"

"Wewe uliniuliza mimi? Aliyebaki yuko Makanya anauza kanga."

Kwa hiyo kesho yake nikamwona mama mmoja wa makamo ameingia dukani, viatu vimejaa tope la mlimani. Nikadhani ni mteja, nikamtandazia za rangi zote. Akachagua moja, akailipia, kisha akaniomba tuzungumze peke yetu. Isihaka akatoka nje. Isihaka ni mtu wa kujua wakati wa kutoka.

Naomba mlisikie vizuri alichoniambia, kwa sababu kwangu ndicho kitovu cha sherehe hii. Alisema, "Esta, kaka yako anaumwa, na huenda wewe unalingana naye, huenda hulingani. Nimekuja kuuliza, sikuja kuchukua. Ukikataa kupimwa, au ukipimwa ukalingana kisha ukakataa kutoa, mimi nitawaambia kwamba kitabibu haikuwezekana, nitaishia hapo, na hakuna atakayejua hadi nazikwa."

Mimi nilikuwa na maneno makali tayari. Nilikuwa nimeyatunza miaka kumi na moja. Nilitaka kusema, leo ndiyo mmekumbuka nipo? Lakini huwezi kumgombeza mtu aliyekufungulia mlango wa kutokea. Nikamwuliza, "Wao wamekutuma?" Akasema, "Hawajui niko hapa. Mama yako ndiye anayejua." Nikakaa chini. Sijawahi kuombwa kitu na upande wa kwetu. Nimewahi kuagizwa, kukatazwa, na kusahauliwa. Kuombwa, ile ilikuwa mara ya kwanza, na aliyeniomba hakuwa hata wa ukoo wangu.

Nikasema nitapimwa. Isihaka aliporudi nikamweleza, akamgeukia Sista akamwambia, "Mchukue, lakini uhakikishe unamrudisha. Wateja wamezoea kubishana naye, mimi watanilaza njaa."

Nikalingana. Kila kitu. Mimi mfupi, mweupe, nisiyefanana na Zephania hata kucha. Nikatoa, uloto ukashika. Hakukuwa na wepesi: mdomo wake ulichubuka asiweze kumeza hata uji, ngozi ikabanduka kama ya ndizi iliyochemshwa, kwa sababu mbegu zangu, ingawa zinalingana, zilikuwa na ukali wa mwenyewe. Alipoanza kuongea tena neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Hata ndani ya mwili wangu unagombana." Lakini akapona. Leo anafundisha.

Ningependa hadithi iishie hapo, na mshereheshaji angependa zaidi. Lakini kupona kwa Zephania ndiko kulikomaliza kumwangusha Sifael. Watu wa Chome walisema, "Mmeona sasa? Wa baba mmoja hulingana. Esta amelingana kabisa. Sifael sifuri. Unataka ushahidi gani tena?" Ndugu wageni waalikwa, niliutoa uloto wangu ili kaka yangu apone, nao ukageuzwa ushahidi dhidi ya mama yangu. Mimi niliyesahaulika nikaanza kusifiwa njiani. Sifa zile sikuzitaka, kwa sababu kila aliyenisifu alikuwa anamtukana mama kwa pumzi hiyo hiyo.

Sifael akahamia Mwanga. Krismasi tatu hajapanda nyumbani, na kwetu Mpare asiyepanda nyumbani Krismasi ujue ana msiba. Mama aliacha kukaa benchi lake kanisani. Na kuna jambo ambalo wengi humu hawalijui: Jumamosi hii kikao cha ukoo kinakaa tena, na ajenda yake ni sehemu ya Sifael kwenye shamba la tangawizi la baba. Kuna wanaosema mwenye sifuri hana sehemu.

Ndiyo maana nimesimama leo. Sikualikwa Jumamosi. Leo nimealikwa, na nimepewa kipaza sauti.

Jambo la majibu ya mtu ni siri yake, kwa hiyo juzi nilimpigia Sifael kuomba ruhusa. Nikamwambia, "Kaka, nataka kuyasema majibu yako mbele ya watu." Akacheka, kicheko kile kile cha baba. "Mdogo wangu, yalishasemwa kwenye spika. Wewe maliza sentensi tu."

Basi naimalizia. Nilichonacho nilifundishwa na Sista Careen siku niliyomwendea kwa hasira, nikamwambia utafiti wenu umemvua mama yangu nguo. Hakujitetea. Alikuja dukani, akavuta kanga mbili na vikoi viwili kwenye rafu zangu, akavitandaza mezani. Leo nimekuja navyo. Isihaka, nishikie huku.

Hizi kanga mbili ni za mama, nyekundu na kijani. Vikoi hivi viwili ni vya baba, cheupe na cha buluu. Kila mtoto anapotungwa anapewa vitu viwili: kanga moja ya mama na kikoi kimoja cha baba. Hapewi zaidi, hapewi pungufu, na hakuna anayechagua. Kipimo cha uloto kinatazama vitambaa hivyo tu. Hakitazami sura, wala urefu, wala namna ya kukohoa.

Zephania alipata kanga nyekundu na kikoi cheupe. Mimi nikapata nyekundu na cheupe. Tunalingana. Lukasi alipata nyekundu na buluu: kanga inalingana na ya Zephania, kikoi hakilingani, ndiyo ile nusu. Na Sifael? Sifael alipata hii ya kijani na hiki cha buluu. Ukimweka kando ya Zephania, hakuna kitambaa kinachofanana. Sifuri.

Sasa nawauliza, na mnijibu mioyoni mwenu kama midomo ni mizito. Hii kanga ya kijani ni ya nani? Si ya mama yule yule? Hiki kikoi cha buluu ni cha nani? Si cha baba yule yule, alichompa pia Lukasi, ambaye hamjawahi kumtilia shaka? Sifael amevaa vya wazazi wake kuanzia juu hadi chini. Kilichotokea ni kwamba Zephania alichukua pea moja na Sifael akachukua pea iliyobaki.

Mimi ni mtu wa hesabu, nikazitafuta. Namna za kuvalisha ni nne. Nafasi ya ndugu kulingana na mgonjwa kabisa ni moja kwa nne. Nafasi ya kutolingana naye hata kidogo, kwa watoto wa baba mmoja na mama mmoja, wa ndoa ya kanisani, waliolala kitanda kimoja, ni moja kwa nne. Ni namba ile ile. Bahati iliyonipa mimi sifa ndiyo iliyompa Sifael fedheha. Mnanivisha mimi kwa moja kwa nne, mnamvua yeye kwa moja kwa nne. Na mkichukua familia mia zenye mgonjwa na ndugu watatu kama sisi, arobaini na mbili hivi hazitampata hata mmoja wa kulingana. Je, nyumba hizo zote wanawake wake ni wazinzi? Basi hata zile familia kumi na mbili za utafiti huu, zilizokosa, tuanze kuwatazama mama zao? Wamekaa humu. Nani ataanza kutazama?

Sista Careen hakuishia dukani kwangu. Alilipeleka lalamiko langu kwa kamati ya utafiti, akiwa na jina langu kwa ruhusa yangu, na akakaa nalo hadi likasikilizwa. Daktari Abdulmajid, hapa nakushukuru, maana ulisikiliza. Leo majibu hayatolewi kwa simu. Kila ndugu anaitwa peke yake, mlango umefungwa, anaambiwa yake tu. Na kabla hata ya kutoa damu, familia nzima inaketishwa na kuonyeshwa kanga na vikoi. Mnajua vitambaa vile vya mafunzo mnavyotumia vilitoka wapi? Vilitoka kwenye rafu yangu. Na nasikia huko hospitali kubwa wanavitumia hadi kwa wagonjwa wa mikoa mingine.

Ndivyo mwanamke huyu alivyofanya kazi. Wengine wanakusanya damu, yeye alikuwa akikusanya na kilichomwagika pembeni. Sista Careen, unastaafu ukiwa na magoti mabovu, na mengi ya ubovu huo ni ya barabara za kwetu. Umetufundisha kwamba kuuliza ni kazi. Sisi tulidhani kazi ni sindano. Umeniomba nilipokuwa nimezoea kusahauliwa, na umemwuliza mama yangu nyumba yake ilipokuwa imejaa watu wanaojijibu wenyewe. Nenda ukapumzike Ugweno kwenye migomba yako. Nitakupigia simu kukuuliza unaendeleaje, hadi uchoke.

Baba mdogo, Mzee Elinaza. Nimekuachia mwisho kwa heshima. Sikusemi mbele za watu ili nikuaibishe. Ulimchinjia Sifael mbuzi kwa upendo, najua, nawe ndiye uliyeuza ng'ombe wako Zephania alipougua, hilo sijalisahau. Mlikosea kama watu wanaopenda wanavyokosea, mlikimbia mbele ya jibu. Lakini kosa lililofanyika sebuleni mbele ya watu halirekebishwi kwa kunong'ona uani. Jumamosi nitapanda Chome na vitambaa hivi vinne. Mkinifungulia, nitavitandaza mbele ya kikao. Msiponifungulia, nitavitandaza barazani, upepo wa mlima Shengena utavipeperusha na kila apitaye atauliza.

Na nimesikia kwamba wazee mmeniandalia doti ya kanga ya kunivisha leo kwa kumwokoa kaka yangu. Nimeiona, mliinunua dukani kwangu, mkadhani sitajua. Naipokea kwa mikono miwili, ila msinivishe mimi. Naomba aivishwe mama.

Mama, samahani, najua hupendi kutazamwa. Simama kidogo. Kikao kilijijibu bila wewe, na Jumamosi kinataka kujijibu tena. Mimi nitakuuliza kama Sista Careen alivyokuuliza jikoni, na ujibu kwa sauti yako. Mama, wewe na marehemu baba mlizaa wangapi?

Mmemsikia. Amesema wanne.

Baba mdogo amesimama. Anakwenda na ile doti mlangoni. Mimi sina tena la kuongeza, mpisheni apite. Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, nawashukuru sana.